Marejeo ni Ngamani: Sakafu ya Jahazi na Utunzaji Wake

Wahenga wetu wa mwambao walituachia methali isemayo: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni ule uwazi wa chini, ndani kabisa, ambamo shehena hupangwa na maji yavujayo hukusanyika. Aghalabu walimu huitumia methali hii kuwaonya vijana watangao na njia, kwamba hata wakienda wapi mwisho watarejea kwao. Maana hiyo ni sahihi, wala hatuna nia ya kuitengua. Lakini yafaa tukumbuke kwamba kabla ya kuwa fumbo, methali hii ilikuwa habari ya kazi ya kila siku. Baharia aliyekwenda mbele kutazama dasturi, akarudi nyuma kupokea usukani, hakuwa na budi kushuka tena ngamani kufua maji. Uzima wa chombo ulipimwa huko chini, pasipoonekana na watu wa pwani.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jambo moja dogo la huko chini: sakafu ya mbao ya ndani ya jahazi, jinsi inavyochakaa, na jinsi mafundi wetu walivyoitunza na wanavyoendelea kuitunza. Huenda msomaji akajiuliza, je, katika mambo yote ya utamaduni wa taifa, ngoma na mashairi, misikiti ya kale na milango ya nakshi, sakafu ina nini hata iandikiwe? Nasi tunajibu kwamba kitu kikanyagwacho na kila mtu ndicho kisemacho kweli zaidi juu ya watu hao. Tanga hushonwa upya, rangi hupakwa upya, lakini ubao wa chini huhifadhi alama ya kila mguu na kila mzigo.

Tuanze na neno lenyewe. Sakafu ni neno lililotoka katika Kiarabu, na katika Kiarabu maana yake ni paa. Wageni wa lugha yetu hushangaa kuona kwamba Waswahili wamelichukua paa la watu wakalifanya mahali pa kukanyaga. Wala si ajabu. Katika nyumba za mawe za Lamu, za Unguja na za Kilwa, boriti za mikoko hupangwa ukutani kutoka upande hadi upande, juu yake huwekwa mawe na chokaa, kisha chokaa hiyo hupondwapondwa hata ikashikana. Kwa akaaye chini, hilo ni paa. Kwa akaaye ghorofani, hiyo ni sakafu. Neno ni moja, kitu ni kimoja, ila watu wawili wanakitazama kutoka pande mbili. Ndivyo ilivyo katika chombo pia. Sitaha ni sakafu ya nahodha na ni paa la shehena. Na mbao zilizolazwa ngamani ni sakafu ya shehena, lakini kwa yale maji meusi yaliyo chini yake juu ya mkuku, mbao hizo ni paa. Neno lenyewe, kwa hiyo, latufundisha somo la kwanza: kila sakafu ina nyuso mbili, na anayetazama uso mmoja tu hajaiona.

Vyombo vya mwambao wetu vina historia ndefu. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kiitwacho Periplus, kinataja mashua zilizoshonwa kwa kamba katika pwani hii, na mji wa Rhapta ulipata jina lake kwa mashua hizo. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari yetu katika karne ya 10, naye aliandika habari za vyombo vilivyoshonwa pasipo misumari, akasema kwamba maji ya bahari hula chuma. Mtepe wa visiwa vya Lamu, wenye tanga la mkeka na mbao zilizoungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, ndio uliokuwa wa mwisho wa ukoo huo mkubwa, nao ulitoweka katika karne ya 20. Mtepe ulikuwa mwepesi wa kujikunja mawimbini, lakini ulivuja mno, na wana wa mtepe hawakupumzika kufua maji. Kwa watu hao, methali ya ngamani haikuhitaji mfasiri.

Baadaye misumari ilishinda kamba, yakaja majahazi tunayoyajua sisi, yenye mataruma mazito, mkuku mrefu na shetri iliyokatwa wima. Lakini dawa ya mbao haikubadilika sana. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia, alifika bandari ya Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183. Aliona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi vikipakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na akaandika kwamba mafuta ya papa ndiyo bora kuliko yote, kwa kuwa huulainisha ubao usivunjike upesi ugusapo miamba. Mafuta hayo ya ini la papa ndiyo sisi tunayoyaita sifa. Basi fundi wa Matondoni au wa Nungwi achovyaye kitambaa katika debe la sifa leo, anafanya kazi iliyoandikwa zaidi ya miaka 800 iliyopita. Harufu yake ni kali, na asiyezoea huziba pua. Lakini ubao ulioshiba sifa haufyonzi maji, wala haupasuki upesi kwa jua.

Hapa twapenda kumwonyesha msomaji kwamba kikapu cha zana za fundi ni kamusi kamili. Randa ni neno la Kiajemi, kama lilivyo neno nahodha. Msumari ni wa Kiarabu. Shahamu, yaani mafuta ya mnyama yachanganywayo na chokaa na kupakwa sehemu ya chini ya chombo izamayo majini, ni ya Kiarabu pia. Na deheni ni ndugu yake. Kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, ni neno lililozunguka bahari nyingi, hata Wareno na Wataliani wanalo la kwao linalofanana nalo. Lakini msumeno ni wetu, chombo chenye meno. Na msasa ni wetu. Vijana wengi hudhani msasa ni karatasi inunuliwayo dukani. Msasa kwanza ni mti, wenye majani makavu yanayokwaruza, ambayo wazee waliyatumia kulainishia mbao na vyombo vya miti. Karatasi ya kiwandani ilipofika, haikupewa jina jipya. Iliingia katika jina la jani. Hivyo ndivyo utamaduni ulio hai ufanyavyo: hupokea kigeni ukakivika nguo ya nyumbani.

Sasa tuitazame sakafu yenyewe. Majahazi mengi yetu yana sitaha mbele na nyuma, na katikati ni wazi, ambapo mizigo hupangwa. Mbao za mwili wa chombo huwa za mbambakofi, mvule, au msaji, mti ambao zamani uliletwa kutoka Malabar katika Bara Hindi na ambao sasa hupandwa hapa kwetu pia, kama vile Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Msaji una mafuta yake wenyewe ndani ya nyuzi zake, na kwa hiyo huvumilia maji. Mvule ni mgumu na wa bei nafuu kuliko msaji. Kila mti una tabia yake mbele ya mguu wa mwanadamu: mmoja hung'aa ukanyagwapo, mwingine huchanika vijiti vijiti ukachoma nyayo.

Sakafu ya chombo huharibiwa na maadui wanne. Wa kwanza ni mwendo wa watu na mizigo, ukwanguao uso wa ubao. Wa pili ni jua, liukaushao na kuupasua. Wa tatu ni kutu ya misumari, ambayo ikikutana na maji ya mti huacha doa jeusi, na doa hilo ni dalili kwamba msumari nao unakwisha. Wa nne, naye ndiye mkubwa, ni maji ya mvua. Wengi hudhani bahari ndiyo huozesha jahazi. Bahari ina hatari zake, yupo mdudu abunguaye mbao zilizozama, ambaye kwa kweli ni wa jamaa ya chaza na kome. Lakini uozo wa ndani huletwa na ukungu upendao maji baridi yasiyo na chumvi, yaliyotuama mahali pasipo upepo. Ndiyo maana mabaharia waliosha mbao kwa maji ya bahari, na wakati wa masika wakalifunika jahazi kwa makuti.

Na mizigo nayo iliandika historia yake juu ya ubao. Gome la mkoko hutoa rangi nyekundu, na sakafu iliyobeba boriti miaka mingi huwa na wekundu ndani ya nyuzi zake. Papa mkavu huacha mafuta na harufu. Chumvi huacha weupe. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri katika chombo cha Kuwait hadi Unguja na hadi delta ya Rufiji, ambako walipakia boriti za mikoko za kujengea nyumba za Ghuba. Boriti hizo zilikuwa paa kule na zilikuwa jasho huku, na baina ya mambo hayo mawili kulikuwa na sakafu ya jahazi.

Wala haitupasi kuchagua yale yanayopendeza tu. Mbao za vyombo hivyo hivyo zililaliwa na watumwa, waliosongamanishwa kama magunia, kutoka Kilwa kwenda Unguja na kutoka Unguja kwenda nchi za mbali, mpaka mkataba wa mwaka 1873 ulipoifunga biashara hiyo ya baharini, na hata baadaye kwa siri. Watu wale hawakuacha doa la rangi kama gome la mkoko. Lakini mtu asifuye ufundi wa jahazi akanyamazia waliolala ngamani bila hiari yao, huyo amepaka rangi juu ya uozo. Ufundi ulikuwa mwema; matumizi hayakuwa mema siku zote. Taifa lililokomaa laweza kuyasema yote mawili kwa kinywa kimoja.

Tuje sasa kwenye kazi ya kuirudishia uzima sakafu iliyochakaa. Tutaieleza kama tulivyoiona ikifanywa na mafundi, ili kijana atakayeisoma aweze kuifuata.

Jambo la kwanza si kukwangua, bali ni kuinua. Mbao za ndani zisizopigiliwa moja kwa moja hutiwa alama kwa makaa, kila ubao na mahali pake, kisha huinuliwa zote. Ngama husafishwa matope, na njia za maji baina ya mataruma huzibuliwa ili maji yaende banduruni, mahali pa kufulia maji, yasituame. Kisha kila ubao hupinduliwa, kwa kuwa habari mbaya huwa imeandikwa upande wa chini. Fundi hugongagonga na kusikiliza: ubao mzima hulia, ulioza hunyamaza. Penye shaka huchoma kwa ncha ya kisu. Ncha ikizama bila nguvu, hapo pamekwisha.

Jambo la pili ni kuosha na kukausha. Mbao zitakazopakwa mafuta huoshwa kwa maji ya bahari na kusuguliwa kwa makumbi. Lakini atakaye kupaka vanishi ya dukani hana budi kuondoa chumvi yote kwa maji baridi kisha kukausha sana, maana chumvi huvuta unyevu, na vanishi haishiki juu ya unyevu. Kukausha hufanywa kivulini penye upepo. Ubao uliolowa ukianikwa juani hujipinda, na ukishajipinda haurudi mahali pake.

Jambo la tatu ni kukata kilichooza hadi kufikia mti mzima, na kutia kiraka cha mti wa aina ile ile, nyuzi zake zikielekea kule kule. Kiraka cha mti mgumu katika ubao mwororo husimama kama jino wakati ubao umelika. Misumari yenye kutu hung'olewa, na mipya huzamishwa chini ya uso wa ubao na kuzibwa, isije ikachana miguu.

Jambo la nne ni kukwangua, na hapo ndipo fundi na mwanafunzi hujulikana. Mwanafunzi hutaka ubao uwe mweupe kama siku ulipopasuliwa. Fundi hutaka ubao uwe safi. Kwa kipande cha kioo au chuma chenye makali, huondoa uchafu na mafuta yaliyoganda, akifuata nyuzi za mti, asizikate. Randa huitumia pale tu palipoinuka. Kisha msasa: siku hizi huanza na namba 80, akaenda 120, na kumalizia 220 ikiwa atapaka vanishi. Tukumbuke kwamba kila kukwangua ni kupunguza. Ubao wenye unene wa sentimita 2, ukiondolewa milimita 1 kila mwaka kwa kupenda weupe, katika mwaka wa 10 utakuwa umebaki nusu. Sakafu nyingi za zamani hazikuliwa na miguu ya mabaharia. Zililiwa na mikono ya watengenezaji.

Jambo la tano ni kushibisha. Mafuta hupakwa kidogo kidogo, tabaka jembamba, hungojwa, na yaliyozidi hufutwa. Anayetumia mafuta ya kitani asivirundike vitambaa alivyofutia, kwani vikirundikwa hupata moto vyenyewe na huweza kuwaka. Avianike au avitie majini. Kwa vanishi, tabaka la kwanza hupunguzwa kwa tapentaini ili lizame. Na jambo kubwa kuliko yote: ubao hupakwa pande zote, juu na chini, ubavuni na nchani. Ncha iliyokatwa hunywa maji kuliko uso wote. Mwisho, sakafu ya chombo haitakiwi kung'aa kama kioo. Mguu uliolowa huteleza, na usiku wa mawimbi kuteleza kwaweza kuwa kifo. Kwa hiyo wengine hunyunyiza mchanga laini juu ya tabaka la mwisho kabla halijakauka.

Mambo haya yanaonekana mepesi yakisomwa. Sisi wenyewe tuliyajua kwa gharama, na yatupasa tuungame kosa letu. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa vijana katika utumishi, tulipewa kazi ya kusimamia matengenezo ya jahazi moja la zamani ambalo ofisi fulani katika mji wa mwambao ililitumia kusafirishia vifaa, na siku za sherehe kuwachukulia wageni. Sikukuu ilikuwa karibu na sakafu ilikuwa imechakaa. Fundi mzee aliyeitwa akasema mbao ziinuliwe zote, kazi ya wiki tatu. Tukatazama kalenda, tukatazama kasma ya fedha, tukaamua vinginevyo. Mbao zilikwanguliwa kwa mashine pale pale zilipopigiliwa, zikapakwa vanishi matabaka matatu upande wa juu. Siku ya sherehe zilimeremeta. Wageni walisifu, nasi tukapokea sifa ambazo hazikuwa zetu, ilhali sifa iliyostahili ubao, ile ya papa, ilibaki ndani ya debe.

Masika moja yalipita. Siku moja baharia alikuwa akivuka na gunia la saruji begani, ubao ukamnyweka chini ya mguu, akaumia goti. Tulipofungua, tuliona kwamba unyevu wa ngama ulikuwa umepanda ndani ya mbao kutoka chini, ukakuta mlango wa juu umefungwa kwa vanishi, ukakaa humo humo. Uso ulikuwa ungali unang'aa, na nyuma yake mti ulikuwa laini kama boga lililopikwa. Uozo ulikuwa umeshuka hadi katika mataruma mawili. Jahazi likapandishwa pwani msimu mzima wa kusi, na mabaharia wanne wakakaa bila kazi kwa sababu ya haraka yetu. Tulikwenda kwa yule mzee na aibu usoni. Tukamwambia, "Mzee, tumekosa." Hakutulaumu. Alisema tu, "Mwanangu, juu mmeng'arisha, chini mmefunga. Mti nao hupumua."

Katika matengenezo hayo ya pili tulikaa naye kila siku. Nyuma, karibu na usukani, palikuwa na ubao uliolika ukafanya shimo la kina cha kidole, mahali waliposimama wasukani kwa miaka isiyohesabika. Tukadhani huo ndio wa kwanza kutupwa. Mzee aliugonga, akausikiliza, akauchoma, akaurudisha mahali pake baada ya kuupaka sifa. Tulipouliza sababu, alisema kwamba ubao ni mzima, na kwamba usiku wa giza mguu wa msukani huitafuta hiyo nafasi, ukiipata mtu hujua amesimama sawasawa. Hatukuwa na la kujibu. Sisi tulikuwa tumeona uchakavu. Yeye aliona kitu kinachofanya kazi.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza kama hatukufanya kosa lile lile katika mambo mengine. Wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa iliundwa mwaka 1962, na mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Tangu hapo yamefanywa mengi yanayostahili heshima. Lakini mara ngapi tumekwangua ngoma ikawa nyeupe kwa ajili ya uwanja wa sherehe, tukaacha chini yake kijiji kisicho na mwalimu wa ngoma hiyo? Mara ngapi tumepiga picha ya jahazi, tukaitia katika kalenda, na hatukuuliza fundi wake ana wanafunzi wangapi?

Jirani zetu wa upande wa pili wa bahari wamelitazama swali hilo pia. Katika mji wa Sur, Oman, ambao mabaharia wake waliijua Unguja kama walivyojua kwao, imehifadhiwa ghanja iitwayo Fatah Al-Khair, iliyoundwa mwaka 1951, nayo sasa imesimama nchi kavu ili vizazi viione. Ni jambo jema. Lakini kila fundi ajua kwamba chombo kikaacho nchi kavu mbao zake husinyaa na nafasi zake hufunguka, na kwa hiyo chahitaji kutunzwa kuliko kilichomo majini. Huko Lamu, mwaka 2018, mafundi waliteremsha baharini chombo kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa, tani 10 hivi, na mapema mwaka 2019 kikasafiri hadi Unguja. Hakina ubao wa kupaka sifa. Hata hivyo kiliundwa na mikono iliyojifunza kwenye mbao. Mifano hii miwili yatuonyesha kwamba mti unaweza kubaki mikono ikitoweka, na mti unaweza kubadilika mikono ikabaki. Tukilazimika kuchagua, tuchague mikono.

Wala hatuna budi kulazimika. Mvule na mbambakofi si rahisi kupatikana kama zamani, na mashua za faibaglasi zenye mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya majahazi. Hatuwezi kumwambia mvuvi apende tanga kwa ajili ya kuwafurahisha wenye kuandika makala. Lakini majahazi yangalipo, mafundi wangalipo, na vijana wenye nguvu za kuinua mbao wangalipo. Kinachotakiwa ni kwamba fundi alipwe kwa muda anaoutaka, si kwa muda tuutakao sisi. Kwamba shule za ufundi za mwambao zimwite mzee mwenye tezo akafundishe pamoja na mwalimu mwenye cheti. Na kwamba maneno ya kazi hii yaandikwe sasa, wakati wasemaji wake wanaweza kutusahihisha.

Kwa kuwa sisi tumezoea kuandika mashairi, fundi yule tulimtungia ubeti, nao ni huu:

Wengi hutazama tanga, mlingoti wakasifu,
Na nahodha kwa kuringa, wakamwona mtukufu,
Fundi anayeziunga, mbao zikiwa dhaifu,
Amtajaye kwa jina, ni ubao wa sakafu.

Tulipomsomea, alicheka, akasema ubeti ni mzuri lakini debe la sifa limekwisha, na kama tunakwenda sokoni tumletee jingine. Tulikwenda. Tuliporudi alikuwa yu ngamani, amepiga magoti, anapaka upande wa chini wa ubao ambao hapana mgeni yeyote angeuona.